Kamusi ya nahau inayolijua taulo bila kumjua aliyelitupa

Kwa muda wa miezi 3 nimekuwa nikitumia programu ya simu inayofafanua nahau za Kiingereza, na kidahizo, yaani msemo unaofafanuliwa, nilichokichagua ili kuipima ni "throw in the towel", yaani kutupa taulo, kwa kuwa asili yake ya ulingoni ni ya wazi. Programu hufunguka upesi, matamshi yanasikika vizuri, na hata pasipo intaneti inafanya kazi. Kasoro yake imo katika maelezo yenyewe.

Nahau hiyo imepewa maana moja tu, "kukata tamaa", ikifuatwa na sentensi isemayo kwamba bondia akichoka hutupa taulo lake. Hapo sikubaliani nayo hata kidogo. Anayetupa taulo ni msaidizi wa kona, yaani anayemhudumia bondia kando ya ulingo, ambaye amemwona mtu wake akipigwa bila kujibu, magoti yamelegea na mikono imeshuka, ilhali bondia mwenyewe mara nyingi angali anataka kuendelea. Kukata tamaa ni jambo la moyoni. Kutupa taulo ni tendo la hadharani, ambalo mwamuzi na watazamaji wote wanaliona, na kwa Kiswahili linakaribiana zaidi na kusalimu amri au kunyoosha mikono. Mwanafunzi akiyafuata maelezo haya atasema kwamba mtu mwenye huzuni ametupa taulo, kumbe mtu huyo bado anapambana.

Historia nayo imerukwa. Kabla ya taulo kulikuwa na sifongo: katika Uingereza ya karne ya 19, wasaidizi walimpangusa nayo bondia damu na jasho alipopumzika, na kuirusha juu kulimaanisha kwamba haina kazi tena, kwa sababu pambano limekwisha. Taulo lilishika nafasi yake katika nahau mwanzoni mwa karne ya 20. Sentensi mbili za namna hiyo zingetosha kumwonyesha msomaji ni mkono wa nani uliorusha.

Kilichonisikitisha zaidi ni "saved by the bell", kuokolewa na kengele, ambayo programu inaihusisha na kengele zilizofungwa kwenye majeneza kwa hofu ya kuzikwa hai. Majeneza ya aina hiyo yalibuniwa kweli, lakini nahau hii ni ya ndondi. Kwa kanuni za ndondi za London za 1838, raundi ilimalizika mpiganaji alipoanguka, hivyo hapakuwa na kengele ya kumwokoa. Kanuni za ndondi za Queensberry za 1867 ndizo zilizoweka raundi za dakika 3 na mapumziko ya dakika 1, na chini yake bondia aliyeelemewa kwenye kamba aliweza kunusurika kwa mlio mmoja.

Kwa matamshi nitaendelea kuitumia, na ninawashauri walimu wa lugha waitumie kwa kazi hiyo. Kwa asili ya nahau, mpaka vidahizo hivi viwili vitakaposahihishwa, nitaendelea kufungua kwanza kamusi yangu ya karatasi.