Kibubu, bati au ndoo: sanduku lipi la michango linawafaa watoto?

Watu wengi wanaoandaa watoto kuchangisha huanza na bango na fulana, sanduku linakumbukwa asubuhi ya siku yenyewe. Matokeo yake mtoto anakabidhiwa chochote kilichopatikana. Tumelinganisha vitu vitatu vinavyotumika zaidi Mbeya na Iringa, pamoja na lipa namba, yaani namba ya kupokea malipo kwa simu. Mfano wetu ni kazi inayojirudia kila mwaka nyanda za juu kusini: watoto wanatafuta pesa ya mablanketi na sweta za wazee kabla baridi ya Juni na Julai haijakaza. Maana yake wanazunguka Aprili na Mei, mvua zikiwa bado zipo.

Kibubu cha mbao ndicho cha kwanza kukimbiliwa, kwa sababu unakikuta tayari sokoni, Mwanjelwa au kwingineko, na bei yake ni nyepesi. Kwa akiba ya mtu mmoja chumbani hakina neno. Kwa watoto sita wanaopita nyumba kwa nyumba mtaani Soweto, Mbeya, hatukishauri, na sababu kubwa ni tundu lake. Limepitishwa msumeno mara moja, ni fupi na jembamba. Sarafu ya 500 inaingia kwa kusukumwa, noti lazima ikunjwe mara nne. Mtoto anasimama pale mlangoni akichokoa kwa kidole au kalamu, huku aliyetoa pesa anamtazama mkono ukiwa juu ya noti. Maneno huanzia hapo. Hata asipochukua hata shilingi, mtu amekwisha ona kitu cha kusimulia jioni. Ndiyo maana tunapima sanduku la watoto kwanza kwa hili: linamkinga mtoto asishukiwe? Mwizi ni hoja ya pili.

Mbao zenyewe nazo zina lao. Nyingi ni paini, na ukanda huu una shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, kwa hiyo mabaki ya mashine za mbao hayakosekani. Mabaki hayo mara nyingi hayajakauka. Kibubu kikikaa ndani wiki kadhaa, mbao husinyaa kwa upana na kiungo cha pembeni kinaachia ufa. Ufa wa milimita mbili unatosha kuchomoa noti kwa spoki ya baiskeli. Ukilazimika kukinunua, bonyeza ubavu kwa ukucha: ikibaki alama yenye unyevu na harufu kali ya utomvu, rudisha. Kagua pia vichwa vya misumari, vilivyochubuka vimeshang'olewa na kurudishwa. Kisha kumbuka kwamba kibubu hufunguliwa kwa kuvunjwa, hivyo pesa inalala humo wiki nzima bila mtu kujua kiasi.

Sanduku la bati la kuagiza kwa fundi ndilo tunalolipatia alama ya juu. Mpe fundi vipimo hivi, usimwachie akadirie: urefu sentimita 20, upana 15, kimo 15. Tundu liwe na urefu wa sentimita 8 na upana wa milimita 6, hapo noti iliyokunjwa mara moja kwa urefu inateleza yenyewe na sarafu yoyote inapita. Chini ya tundu, kwa ndani, aweke ulimi: kipande cha bati kilichoinamishwa, ili pesa idondoke lakini isirudi sanduku likipinduliwa. Kulijaribu, weka sarafu kumi, funga, pindua, tikisa. Ikitoka hata moja, ulimi ni mfupi. Kingo zote zikunjwe kurudi ndani, za tundu hasa, kwa sababu bati lililokatwa tu linachana vidole vya watoto. Mfuniko uwe na bawaba na makomeo mawili, siyo moja. Kufuli mbili, funguo kwa watu wazima wawili wasiokaa nyumba moja. Wengi wanaona hili ni kero, lakini ndilo linalomtoa mtoto kwenye lawama: hakuna mtu mmoja, awe mkubwa au mdogo, anayeweza kulifungua peke yake.

Kasoro zake zipo. Sarafu zinagonga bati na kupiga kelele mtaa mzima. Tandika kipande cha kanga chakavu chini. Kitambaa hicho pia kinanyonya maji, jambo la maana ukiwa Tukuyu, ambako mvua haichagui sana mwezi. Uzito nao uangaliwe: sarafu 100 za shilingi 500 zinakaribia kilo moja bila sanduku. Mtoto wa miaka tisa asibebe zaidi ya kilo mbili, likizidi hapo lirudishwe likahesabiwe. Wapo wanaotaka kidirisha cha plastiki ili watu waone pesa inavyopanda. Ndani ya kanisa au ukumbi wa shule kinavutia kweli, barabarani ni kuita wakwapuzi.

Ndoo ya plastiki ya lita 5 yenye mfuniko inafaa kwa shughuli ya siku moja mahali pamoja, kwa mfano watoto wanaposaidia kuosha pikipiki au kuuza parachichi nje ya kanisa. Tundu linatobolewa kwa kisu cha moto. Mfuniko uzungushiwe karatasi ya gundi na watu watatu wasaini, nusu ya saini kwenye karatasi, nusu kwenye ndoo. Tatizo lake ni moja: ikianguka, mfuniko unafyatuka na pesa inatawanyika. Nyumba kwa nyumba, hapana.

Lipa namba ni nzuri kwa watu wazima wasiotembea na pesa mkononi, na siku hizi ni wengi. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, kwa hiyo namba itakuwa ya mtu mzima. Shida huja kwenye jina. Mtoaji akikuta kwenye simu jina la duka la vipodozi la mwalimu, anasita, na ana haki. Andika jina hilohilo kwenye bango: "Ukilipa litatokea jina hili." Kibandiko cha namba kiwe chini ya plastiki ngumu iliyopigwa ribiti, maana cha karatasi tupu kinaweza kufunikwa na cha mtu mwingine bila watoto kugundua. Kila nusu saa mtu mzima alinganishe namba iliyobandikwa na iliyo kwenye barua ya kibali.

Barua hiyo ni ya ofisi ya serikali ya mtaa au mtendaji wa kata, na nakala yake ibandikwe ubavuni mwa sanduku. Ioneshe nani anachangisha, kwa ajili ya nani, lipa namba, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Neno "hiari" liandikwe kwa herufi kubwa. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016, wazazi na walimu wanaogopa neno michango, na mtoto mwenye sare bila barua atafukuzwa mlangoni.

Watoto watembee wawili wawili, mmoja ameshika sanduku, mwingine anasema shukrani. Mtoaji aingize pesa mwenyewe, mtoto asiipokee mkononi hata akiombwa. Chenji haitolewi. Mtu mzima awe anapoweza kuwaona. Barabara kuu ya kwenda Tunduma na stendi ya mabasi viachwe kabisa.

Kuhesabu kufanyike siku hiyohiyo, watoto wakiwepo, kwani wao ndio waliotembea. Noti zipangwe kwa aina, sarafu kwa mafungu ya kumi kumi, na watoto wawili wahesabu kila fungu mmoja baada ya mwingine. Daftari lisomeke hivi: 10,000 mara 2, 5,000 mara 3, 2,000 mara 9, 1,000 mara 14, sarafu za 500 mara 22, za 200 mara 31, za 100 mara 17. Jumla 85,900. Wasaini wahesabuji wote na wenye funguo, pesa iende benki au kwa wakala kabla ya giza, na risiti ibandikwe ukurasa uleule. Kosa la kawaida ni kutoa nauli au soda za watoto kabla ya kuhesabu. Hesabu kwanza, andika, kisha toa na uandike tena.

Msimu ukiisha, futa bati likauke, paka bawaba mafuta kidogo na uliweke likiwa wazi. Kutu huanzia kingo zilizokatwa, na chumba chenye unyevu huizidisha kabla Aprili nyingine haijafika.