Chupa ya mtoto: kabla hujalipa, igeuze chini

Siku zangu 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha nilinunua chupa nne za kunyonyeshea hapa Kigoma mjini, zote za plastiki, zote zimeandikwa hazina BPA. Nikatulia. Kumbe maandishi yale yanahusu kemikali moja tu, BPA, inayotumika kutengenezea baadhi ya plastiki ngumu. Geuza chupa: ukikuta pembetatu yenye namba 5 au herufi PP, hiyo ni polipropilini. BPA haimo, ila maji ya moto yanaimega chembechembe zisizoonekana kwa macho.

Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College Dublin walizipima chupa za aina hiyo kwa utaratibu uleule tunaoufuata: chemsha chupa, tia maji ya nyuzi 70, weka unga wa maziwa, tikisa. Wakakuta hadi chembe milioni 16 kwa lita. Kwa maji ya nyuzi 25 zilikuwa laki 6; kwa nyuzi 95, milioni 55. Moto ule ule unaoua vijidudu! Chembe za plastiki zimeshakutwa kwenye kondo la nyuma na kwenye damu ya watu wazima. Madhara kwa watoto bado yanachunguzwa, lakini mwanangu simwachi asubiri majibu.

Titi kwanza, hilo halina mjadala. Kwa anayelazimika, chaguo langu la kwanza ni chupa ya kioo ya kampuni ya Pigeon, basi. Maji ya moto haiyaogopi, na harufu ya maziwa haigandi. Inavunjika? Ivalishe soksi nene. Yangu ina miezi mitano.

Ya pili wala si chupa: kikombe kidogo cha chuma cha pua. Mama mkwe wangu wa Ujiji ndiye aliyenionyesha mtoto anavyonyweshwa taratibu, amekalishwa wima, na kukiosha ni dakika moja.

Za plastiki za bei chee: kama ndizo ulizonazo, koroga maziwa kwenye chombo cha kioo au chuma, yapoe, ndipo umimine. Chupa ukishaichemsha, isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Wauzaji ndio wanaoniumiza. Mmoja aliniambia, "Mama, hii haina BPA, ni sawa na kioo tu." Na ya kioo ikipatikana, bei yake karibu mara mbili ya Kariakoo, ukiuliza, unaambiwa nauli ya treni. Mbona nauli hiyo haizipandishi zile za plastiki zilizokuja nayo behewa moja?