Pharos na Harpia kwa maabara ya Tanga: leza safi, ila shughulikia kwanza unyevu

Kwa idara inayotaka kufundisha na kutafiti kwa mapigo ya mwanga ya femtosekunde (sekunde moja igawanywe mara milioni bilioni), leza ya Pharos pamoja na Harpia-TA, kipimaji cha jinsi ufyonzaji wa mwanga wa sampuli unavyobadilika baada ya mpigo, vyote vya Light Conversion ya Vilnius, Lithuania, tunavipa alama nne kati ya tano. Mwanga ni wa nanomita 1030, mpigo mmoja femtosekunde 200 hadi 300 hivi, na vioo vimefungiwa sandukuni, jambo kubwa mahali penye upepo wa chumvi. Mifumo ya leza ya titani-safaya inayotandazwa mezani hutoa mapigo mafupi zaidi, lakini humtaka fundi kando yake kila wakati.

Adui wa hapa ni umande. Kukiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida Raskazone, umande hutunga juu ya chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini, na maji ya kupoza leza huwa karibu na nyuzi 20. Umeme ukikatika ndipo balaa: kiyoyozi kinazima, UPS (betri ya akiba) inaendelea kulisha mashine ya maji, na matone yanatunga kwenye sehemu za baridi. Unganisha kidhibiti kinachozima leza na maji kwa pamoja unyevu ukifika asilimia 60. Mashine ya kukausha hewa nayo iagizwe kabla ya leza.

Kwa mazoezi ya wanafunzi hakuna sampuli nzuri kama GV, ile dawa ya zambarau ya madukani. Izimue kwa maji mpaka ufyonzaji uwe kati ya 0.3 na 0.5 kwenye kyuveti (kichupa cha sampuli) ya milimita 1, uisisimue kwa mpigo wa nanomita 515, kisha pima kwa mwanga mweupe. Molekuli hutulia ndani ya pikosekunde chache (moja ni femtosekunde 1,000). Badilisha maji kwa giliserini na muda unarefuka sana, kwa kuwa mnato wa kimiminika unazuia pete za molekuli kujizungusha. Kumbuka kioo cha kucheleweshea mpigo kikisogea maikromita 15 umechelewesha mpigo kwa pikosekunde 0.1, maana mwanga huenda na kurudi. Giliserini haijikorogi yenyewe, hivyo ukiacha mapigo 100,000 kwa sekunde, doa linapata joto na mchoro unapinda. Shusha hadi elfu chache.

Alama iliyopungua ni ya rangi. Bila Orpheus, kifaa cha kubadilisha rangi ya leza ambacho ni cha kuongeza, unabaki na nanomita 1030 na vigawe vyake tu, kama 515 na 343, na anayetaka kusisimua klorofili ya mwani kwenye mwanga mwekundu hataweza.