Bati la plastiki la kupitisha mwanga: lipi litadumu penye moshi?

Bati angavu likigeuka rangi ya chai, usikimbilie kuulaumu moshi. Mkosaji wa kwanza ni jua: miale ya urujuanimno hukatakata minyororo ya molekuli, oksijeni ikamalizia. Moshi una hila zake. Masizi hunata na kushika unyevu pamoja na asidi itokanayo na dioksidi ya salfa, na asidi hiyo hudhoofisha baadhi ya dawa zinazochanganywa kwenye plastiki ili kuikinga na jua. Kwa hiyo anayeezeka karibu na barabara kuu au kiwanda asipime unene tu.

Namba moja naipa polikaboneti, ila iwe ile yenye tabaka la kinga ya jua. Bila tabaka hilo huwa njano, kisha huanza kupasuka. Lenyewe ni jembamba mno, takriban milimita 0.05, na mara nyingi liko upande mmoja tu, ulioandikwa kwenye nailoni ya kufunikia. Fundi akiligeuza chini, fedha yako imekwenda. Simama hapo hapo anapobandua nailoni. Masizi yaoshe kwa maji na sabuni laini. Amonia huila polikaboneti, na saruji mbichi vilevile.

Akriliki ingeshinda kama mashindano yangekuwa ya jua na hewa peke yake, kwani kwa asili yake hainyonyi sana miale hiyo na hubaki angavu miaka mingi. Tatizo ni kwamba ikigongwa hupasuka. Kama hakuna tawi juu ya paa wala mtu wa kulikanyaga, chukua hii.

Ya tatu ni faibaglasi. Uso wake ukilika, nyuzi za kioo hutokeza na masizi yakapata makao yasiyooshika. Ukiinunua, dai yenye ngozi ya kinga juu.

PVC angavu naiweka mkiani. Jua na joto huifanya itoe asidi ya haidrokloriki, nayo huharakisha uharibifu ule ule. Nyeupe yenye dioksidi ya titani huvumilia zaidi, lakini basi mwanga umeukosa.

Na washa za skrubu, yaani zile pete za mpira zinazoziba tundu, je? Ozoni ya hewa chafu hupasua mpira wa asili uliovutika, ilhali mpira wa kutengenezwa uitwao EPDM huistahimili. Bati linaweza kuwa zima kabisa huku paa linavuja kwenye matundu ya skrubu.