Mtori wa Shekilango na kihamba kilicho ndani yake

Dar es Salaam haina upungufu wa mtori. Asubuhi yoyote utaukuta kwenye baa, kwenye vibanda vya supu na hata kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani, na mara nyingi utakuwa umetiwa karoti, nyanya na hoho mpaka ukageuka rangi ya chungwa, kisha ukasagwa kwa blenda hadi unavutika kama gundi. Wanywaji wake wengi ni wanaume waliochelewa kulala na wanaohitaji kitu kizito cha kutuliza tumbo. Sina ugomvi nao. Lakini mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame mpaka Rombo, anajua kwamba chakula hiki kilikuwa na mwenyewe kabla hakijaingia baa, na mwenyewe ni mzazi: mwanamke aliyetoka kujifungua, ambaye hupikiwa mtori wa moto wiki baada ya wiki ili arudishe nguvu na maziwa yamtoke kwa wingi. Ndiyo maana mgahawa wowote unaojiita wa Kichaga naupima kwanza kwa swali moja tu, kama mtori wake unaweza kupelekwa kwa mzazi. Mgahawa mdogo ulioko mtaa wa nyuma ya barabara ya Shekilango, Sinza, ambao hauna hata kibao mlangoni, ndio ambao mtori wake ningembebea mzazi bila wasiwasi.

Hukumu hiyo inaanzia kwenye ndizi. Mtori wa kweli hupikwa kwa mshare, ndizi nyembamba na ndefu kiasi, ambayo huvunwa ingali mbichi na ikikutana na moto hulainika yote kwa pamoja, haiachi kiini kigumu wala haina utamu wa kuudhi. Mzuzu ni ya kukaanga, na ndizi za Bukoba zina heshima yake katika mapishi ya Wahaya, lakini ukizitia kwenye sufuria hii utapata chakula kingine, pengine kizuri, chenye jina la kuazima. Pale Mabibo, kwenye soko ambalo wakazi wa jiji wanalijua kwa jina la Mahakama ya Ndizi, mshare inapatikana, ila mnunuzi asiyezijua ndizi huchanganyiwa, na mpishi mwenye haraka hachagui. Kwenye mgahawa huu mikungu huegeshwa waziwazi karibu na mlango wa jiko, na mteja anayejua anaweza kuigusa kabla hajaagiza. Ikumbukwe pia kwamba mshare ni ndizi yenye maadui. Mnyauko unaosababishwa na kuvu huishambulia vibaya, na watafiti wa ndizi wa kituo cha Tengeru mkoani Arusha wamo katika kazi ya kutafuta aina za mshare zinazostahimili magonjwa. Anayeendelea kuipika mjini, huku amezungukwa na ndizi rahisi zaidi kuzipata, ameamua kwa makusudi, na mimi niko tayari kulipia uamuzi huo.

Jiko limetenganishwa na meza kwa ukuta mfupi, hivyo kazi yote inaonekana. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa hutangulia motoni. Mabinti wawili humenya ndizi wakiwa wamejipaka mafuta mikononi ili utomvu usiwagande, wakakwangua nyuzi zilizobaki na kuzitumbukiza ndizi kwenye beseni la maji zisije zikawa nyeusi. Kisha ndizi huingia ndani ya supu ileile ya mifupa pamoja na kitunguu na chumvi, basi. Zikishalainika, mpishi huepua sufuria, huiondoa mifupa na kuanza kuponda kwa mwiko mpana wa mti, akizigandamiza ndizi ubavuni mwa sufuria na kuongeza supu kidogo kidogo, na mwishoni hutia kijiko cha siagi ya kienyeji. Matokeo yake ni mtori mzito unaoteremka wenyewe kooni, wenye chembechembe ndogo zinazoonyesha kuwa umepondwa kwa mkono, na nyama iliyoachwa katika nyuzi laini badala ya vipande vya kushindana na meno. Chumvi imekadiriwa vizuri. Pilipili huletwa pembeni, kwenye kisahani, kwa anayeitaka, nami naona huo ndio utaratibu sahihi, kwa kuwa mzazi hapewi pilipili.

Suala la maziwa halijapata mwafaka hata hapa. Wazee wawili waliokuwa meza ya jirani walibishana juu yake tangu bakuli zilipofika. Mmoja alidai kwamba mtori usiotiwa maziwa haujakamilika, mwenzake akamjibu, "Mangi, mtori wa maziwa ni wa mgonjwa," naye wa kwanza, ambaye fimbo yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kiti, akamuuliza, "Na mimi na wewe, nani mzima hapa?" Mpishi alicheka, akawaletea kikombe cha maziwa ya moto ili kila mmoja atie kwa kadiri ya kwao.

Sababu ya bakuli moja kuwashughulisha watu namna hiyo ni kihamba. Kihamba ni shamba la ukoo linaloizunguka nyumba: mibuni chini ya migomba, miti mirefu juu ya migomba, mfereji wa maji uliochimbwa na mababu, na ng'ombe wa zizini anayelishwa majani na vigogo vya migomba, ambaye samadi yake hurudishwa kwenye mashina yaleyale. Humo pia ndimo wazee wanamozikwa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu kupitia kijiji cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia, jambo ambalo wenyeji waliolipokea kwa furaha walikuwa wakilijua siku nyingi. Ndizi, nyama na siagi, vyote vinavyoingia kwenye mtori, vilitoka katika eneo ambalo bibi aliweza kulizunguka kwa miguu bila kukata pumzi. Lakini kihamba kikigawanywa kwa watoto wa kiume, kisha kwa wajukuu, hubaki vipande visivyomtosha mtu, na kahawa, ambayo ndiyo iliyolipa karo za kizazi cha wazazi wetu, haikuendelea kulipa kama zamani. Watu wakateremka mjini. Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa, na tangu mwezi kama huo mwaka 2019 treni ya abiria nayo imerudi kuwabeba. Miezi mingine yote, asiyeweza kupanda mlima anakuja kukaa kwenye viti hivi vya plastiki.

Nisiwasifu wenye mgahawa kupita kiasi, kwani si kila kitu chao kimefikia mtori. Machalari ni mazuri, ndizi zikiwa zimebaki nzima na mchuzi ukiwa mwepesi kama inavyotakiwa. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, kilinivunja moyo: maharage hayakuiva vya kutosha, na magadi yalizidi hadi ladha ya sabuni ikabaki ulimini. Mbege inaletwa kwenye vikombe vya plastiki badala ya kata, na hilo ningelivumilia kama kinywaji chenyewe kingekuwa katika siku yake. Pombe ya ndizi na ulezi haipumziki safarini, huendelea kuchacha, na iliyofika mezani kwangu ilikuwa chungu zaidi ya uchungu wa msesewa, gome la mti linalotiwa kwenye mbege. Kisha kuna ukuta. Aliyechora alipewa kazi ya kuonyesha Kilimanjaro, akauweka mlima, akaweka twiga, akamaliza na Mmasai mwenye mkuki, bila mgomba hata mmoja. Ingefaa wamwite tena, au wapake chokaa.

Huduma ni ya polepole lakini ya heshima. Anayehudumia humwamkia mteja mzee kabla ya kumuuliza anachotaka, na hakuna anayeharakishwa kuachia meza. Nilifurahi kuona pia kwamba wateja si Wachaga peke yao: kondakta mmoja aliyesema kwao ni Masasi alikuwa akimaliza bakuli lake la pili huku akilalamika kwamba mkewe, Mchaga wa Kibosho, hamchemshii mtori mpaka apate homa.

Bakuli kubwa ni shilingi 5,000 na dogo 3,000, bei ambayo inazidi ile ya vibanda vya jirani, na nyama haipimwi kwa ubahili. Fika kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu sufuria ikiisha hawapiki nyingine mpaka kesho yake. Ukiwa na mzazi nyumbani, toa taarifa siku moja kabla na upeleke chupa yako ya chai au hotipoti. Watakupimia mtori kutoka kwenye sufuria ya kwanza, usiotiwa chumvi nyingi, na hawatozi zaidi kwa hilo.