Miaka mitatu ya bioteknolojia katika chuo cha ufundi Nairobi: uzoefu wangu

Nilipata C katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ya 2018. Haikunifikisha chuo kikuu, ambako wanataka C+, lakini stashahada ya chuo cha ufundi inahitaji C-, kwa hivyo nilikuwa na nafasi ya kuchagua. Wenzangu wengi walichagua uhasibu, upishi na ufundi wa umeme. Mimi nilichagua bioteknolojia, yaani kutumia viumbe hai na chembe zao kutengeneza vitu vya manufaa, na sababu yangu ilikuwa ndizi.

Mama ameuza ndizi za kupika katika soko la Kangemi tangu nikiwa chekechea. Nimekua nikiwasikia wanaoleta mikungu kutoka Kisii na Meru wakisimulia migomba iliyonyauka ikiwa na matunda machanga, na jinsi mtu anavyochimba chipukizi kwa jirani akapanda kwake, kumbe amebeba na ugonjwa. Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wa Biolojia alitwambia kuna migomba inayoanza maisha ndani ya chupa, bila udongo wala wadudu. Habari hiyo haikunitoka kichwani.

Kila matokeo yakitoka, watoto wa majirani huja kuniuliza kama kozi hii inafaa. Huwa nawajibu kwamba inafaa, mradi chuo kina maabara inayofanya kazi. Jina la chuo changu sitalitaja, maana mengine niliyoyakuta pale hayakunifurahisha.

Kuhusu pesa nitasema machache. Nilijiunga Septemba 2019. Karo ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ililipa 30,000 na zile 26,420 zilizobaki nikaombea mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Ongeza koti la maabara, glavu, daftari ngumu na nauli. Utaratibu wa ufadhili umebadilika tangu wakati wangu, kwa hivyo uliza upya kabla ya kupanga bajeti.

Muhula wa kwanza hatukugusa jeni hata moja. Tulisoma kemia, hesabu na usalama wa maabara, na tuliosha vyombo sana. Wanafunzi kadhaa waliacha hapo hapo, wakisema hawakuja chuoni kuosha chupa. Niliwahurumia, kwa sababu waliondoka kabla ya kuona kile ambacho mkono unajifunza polepole. Zoezi letu kubwa lilikuwa la pipeti, kifaa cha kuvuta kiasi kidogo sana cha kimiminika: unavuta mikrolita 100 za maji, unazidondosha kwenye mizani, unasoma. Mikrolita 100 za maji zina uzito wa gramu 0.1, kwa hivyo mizani inakwambia papo hapo umekosea kiasi gani. Mara kumi mfululizo. Siku ya kwanza nilipata 0.087, kisha 0.112, kisha 0.094. Kosa langu lilikuwa kuachilia kidole gumba kwa ghafla, hewa ikaingia pamoja na maji. Ilinichukua wiki mbili kufikia hali ambapo namba zilikaa karibu karibu. Nakwambia kwa dhati, wiki hizo mbili zimenisaidia kazini kuliko mihadhara mingi.

Sasa nimfikie Mzee. Huyu alikuwa fundi wa maabara aliyekaribia kustaafu, na sote tulimwita hivyo. Hakuwa kwenye orodha ya walimu, lakini ndiye aliyenifunza ukuzaji wa tishu, yaani kukuza mmea mzima kutoka kipande kidogo ndani ya chupa.

Unachukua chipukizi la mgomba, unaliosha kwa sabuni, unamenya gamba baada ya gamba mpaka libaki pande jeupe la ukubwa wa kifundo cha kidole. Unalilaza kwenye Jik, dawa ya kung'arishia nguo, iliyochanganywa na maji kwa dakika 20. Unalisuuza mara tatu kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ukiwa tayari ndani ya kabati la hewa safi, halafu unapunguza tena pande zote zilizoungua na Jik mpaka ubaki na sentimita moja hivi. Hiyo ndiyo unayoipanda kwenye chupa ya jemu. Chakula kilicho ndani ya chupa kinafuata fomula ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962, iliyotungwa kwa ajili ya tishu za tumbaku: madini, vitamini, gramu 30 za sukari kwa lita, gramu 8 hivi za aga (unga wa mwani) ili kigande, na homoni kidogo sana za kuamuru mmea utoe vichipukizi au mizizi. Kipimo cha pH, yaani cha uchachu, kiwe 5.8. Kisha otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, joto la nyuzi 121, dakika 15 hadi 20.

Nilipanda chupa 24 za kwanza kwa furaha kubwa. Siku ya tano, 19 zilikuwa zimeharibika. Nilitaka kuzimwaga kabla mtu hajaziona, lakini Mzee akanizuia.

"Zipange zote mezani, binti yangu. Usimwage hata moja."

Akainua moja. Ndani kulikuwa na pamba nyeupe iliyoanza kuwa kijani.

"Hii ni nini?"

"Kuvu, Mzee."

"Imeanzia wapi?"

Nikaangalia vizuri. Ilikuwa pembeni, karibu na ukuta wa chupa, mbali na mmea.

"Basi haikutoka kwenye mgomba. Imeanguka kutoka juu. Ulikuwa ukiongea chupa ikiwa wazi?"

Nilikuwa nikiongea. Nilikuwa nikimsimulia mwenzangu jinsi kazi ilivyokuwa rahisi.

Akainua nyingine. Hii haikuwa na pamba, bali mduara mweupe kama maziwa uliozunguka kitako cha mmea. Akanieleza kwamba hao ni bakteria waliotoka ndani ya tishu yenyewe: niliacha magamba mengi, Jik haikufika. Halafu akachukua chupa tatu ambazo aliniagiza nisipande kitu ndani yake, nami sikuelewa kwa nini. Zilikuwa safi kabisa. "Kwa hivyo chakula chako hakina kosa. Otoklevu haina kosa. Umebaki wewe na kisu chako." Aliyasema bila kunikejeli, na tukarudia kazi nzima siku iliyofuata. Mara ya pili niliharibu saba. Mara ya tatu, tatu.

Tangu siku hiyo nazichungulia kwanza chupa zilizoharibika, nione uchafu umeanzia wapi. Kama chuo kingenipa somo hilo peke yake, ningesema karo yangu haikupotea.

Lakini kuna jambo ambalo bado linaniuma. Chuo kilikuwa na mashine ya PCR, ile inayonakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kiweze kuonekana. Ilikaa kwenye meza karibu na mlango, imefunikwa kitambaa, na wageni wakija walionyeshwa. Kwa mihula miwili tuliyopaswa kuitumia haikuwashwa, kwa sababu vimeng'enya vyake ni lazima vihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na friza ilikuwa imekufa. Tulilipa pesa ya vifaa kama kawaida. Tulikwenda ofisini mara mbili tukaambiwa tusubiri. Basi PCR tukaisoma ubaoni: nyuzi 95 kutenganisha nyuzinyuzi mbili za DNA, 55 hivi kuruhusu vianzio, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia, kushika mahali pake, 72 kimeng'enya kinakili, kila mzunguko nakala zinaongezeka maradufu, kwa hivyo mizunguko 30 inafikisha nakala moja zaidi ya bilioni moja. Niliandika haya yote kwenye mtihani na nikapita vizuri, sijawahi kufungua kifuniko cha ile mashine. Mtu anayekulipisha kwa mafunzo ya mikono halafu anakupa picha ya ubaoni anakunyima kitu ambacho huwezi kukisoma usiku nyumbani ukajaliza.

Machi 2020 korona ikafunga vyuo. Chupa zetu zilibaki kwenye chumba cha ukuzaji na tuliporudi aga ilikuwa imekauka kama gundi kuukuu. Miezi ile nyumbani nilifanya jaribio moja tu la maana. Nilisaga ndizi mbivu, nikachanganya na sabuni ya vyombo, chumvi na maji ya vuguvugu, nikachuja kwa kitambaa, kisha nikamiminia taratibu spiriti ya duka la dawa iliyokaa kwenye barafu. Vikatokea vinyuzi vyeupe vikielea mahali vimiminika viwili vinapokutana. Nilivizungusha kwenye kijiti cha meno nikamwonyesha Mama. Alivitazama kwa muda, akauliza, "Hivi ndivyo vinavyoifanya ndizi iwe ndizi?" Nikasema ndiyo, Mama. Akamwita jirani aje aone.

Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ndiyo iliyoniokoa, na hapa Nairobi ina nafasi ambazo wenzetu wa miji mingine wanazifuata kwa basi. Taasisi za utafiti ziko karibu: ILRI ya mifugo iko Uthiru, maabara za KALRO za kilimo na mifugo ziko Kabete, icipe ya wadudu iko Kasarani, KEMRI ya tiba iko barabara ya Mbagathi. Anza kupeleka barua mapema, muhula mzima kabla, na upeleke nyingi. Nilipeleka kumi na moja. Nikapata miezi mitatu katika maabara ndogo ya miche upande wa Kabete, na wiki ya pili msimamizi akaniweka mbele ya mashine ya PCR. Mikono ilitetemeka, lakini pipeti niliijua. Kazi ilikuwa kupima virusi vya michirizi ya migomba. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wauzaji wengine wa miche hawalisemi: kukuza kwenye chupa kunaondoa fukusi (wadudu wanaotoboa mgomba), minyoo ya mizizi na ule ukungu wa mnyauko, lakini virusi vinaweza kukaa ndani ya tishu na kuzidishwa pamoja nayo. Ukianza na mgomba mama mgonjwa, unatengeneza maelfu ya wagonjwa wanaofanana. Ndiyo maana mgomba mama hupimwa kwanza.

Jioni ile tulipitisha sampuli kwenye jeli yenye umeme, ili kuona PCR imenakili nini. DNA ina chaji hasi, kwa hivyo inakimbilia upande chanya, na vipande vidogo vinatangulia vikubwa. Taa ilipowashwa nikaona mistari inang'aa, mmoja ukiwa pale pale ulipotakiwa kuwa, kwenye sampuli tuliyojua ina virusi. Zile nyingine hazikuwa na kitu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jiandae pia kwa swali la GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni, maana utaulizwa na wajomba, na kondakta, na mchungaji. Migomba ya chupa si GMO. Hakuna jeni iliyoingizwa, ni sehemu ya mgomba uleule iliyokuzwa kwa usafi. GMO ni jambo jingine, nalo nchini Kenya lina sheria yake ya mwaka 2009 na mamlaka yake ya usalama wa kibayolojia. Nikiwa mwaka wa kwanza, Desemba 2019, serikali iliidhinisha kilimo cha pamba ya Bt, inayojitengenezea protini ya bakteria ili funza wa pamba akiila afe. Marufuku ya uagizaji wa vyakula vya GMO, iliyowekwa Novemba 2012, iliondolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2022, kisha mambo yakafika mahakamani. Kozi ilinifunza kueleza haya bila kumdharau anayeogopa. Shangazi yangu anaogopa, na maswali yake kuhusu nani anamiliki mbegu ni maswali ya haki.

Kuhusu ajira: kazi zenye jina la bioteknolojia kwenye tangazo ni chache. Darasani kwetu waliopata kazi wengi wako kwenye vipimo vya ubora katika viwanda vya maziwa, vinywaji na dawa, wachache kwenye miche na maua. Na tafadhali, usijiunge ukidhani utaajiriwa kwenye maabara ya hospitali. Hiyo ni taaluma nyingine yenye bodi yake ya usajili, na wawili kati yetu waliligundua hilo baada ya miaka mitatu. Hakuna aliyewaambia mwanzoni, na ilikuwa wajibu wa chuo kuwaambia.

Mimi nimerudi kwenye chupa. Mwaka jana Mama alinisindikiza hadi kitaluni, akainua mche mmoja wenye majani manne, akageuza mizizi yake akitafuta alama za fukusi kama anavyogeuza mikungu sokoni. Alichukua miche kumi ya kumpelekea mteja wake wa Kisii.

Ukitaka kujiunga, usisome kipeperushi tu. Nenda chuoni siku ya kawaida, si siku ya wageni. Omba kufunguliwa friza, uone kama ina baridi. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili akuonyeshe daftari lake la maabara, uhesabu kazi alizofanya kwa mkono wake. Nenda kama saa nne asubuhi. Maabara ikiwa hai, saa hizo otoklevu huwa imeshaanza kutoa mvuke.