Boksi la picha nne za kauboi: nililinunua kwa ajili ya steringi, nikabaki na maadui

Baba yangu anaikaribia miaka themanini, na ukimwekea picha za siku hizi anasinzia kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupita. Ndiyo maana nilipokutana na boksi la diski nne za kauboi wa zamani, shilingi elfu arobaini, sikubishana bei. Ndani yake kuna High Noon ya 1952, Shane ya 1953, The Man Who Shot Liberty Valance ya 1962 na Once Upon a Time in the West ya 1968. Tulizimaliza kwa wikiendi mbili, yeye kwenye kochi, mimi mkekani karibu na deki.

Nianze na mzigo wenyewe. Picha zimesafishwa vizuri, hata zile mbili zisizo na rangi zinaonyesha vumbi kwenye kofia. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu na ni madogo mno. Boksi ni la karatasi nyepesi, kona zimeshajikunja. Diski ya nne ina kesi yake, nitaifikia.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulizoea kumfuata steringi: hafi, haishiwi risasi, na akipigwa ya bega anajifunga leso anaendelea. Nilidhani Baba naye yuko hivyo. Wapi! Wimbo wa mwanzo wa High Noon haujaisha, akanyoosha kidole: "Huyo, mwanangu. Mwangalie huyo." Aliyekaa peke yake nje ya mji akiwasubiri wenzake ni Lee Van Cleef, picha yake ya kwanza, na mpaka anakufa humsikii akitamka neno. Ni pua ile na macho yale yaliyobana tu. Gary Cooper aliondoka na Oscar na alistahili. Hofu ya mkuu wa polisi anayebisha mlango hadi mlango kuomba msaada na kunyimwa unaiona kwenye mwendo wake. Lakini nikaanza kuelewa Baba anatafuta nini. Van Cleef huyohuyo anarudi kwenye Liberty Valance kama mpambe wa adui, halafu mwaka 1965 mwongozaji Sergio Leone akamtoa huko nyuma, akamweka mbele sambamba na Clint Eastwood.

Shane niliikumbuka kwa ile milima ya Wyoming tu, na mtoto anayeita mwishoni. Nilikuwa nimemsahau Jack Palance. Anaingia baa, na mbwa aliyejilalia sakafuni anainuka, anakunja mkia, anajiondokea. Hakuna aliyesema kitu, lakini umeshajua. Kisha inakuja ile ya matopeni: mkulima mdogo, mbishi, amesimama chini kwenye utelezi, Palance juu kwenye ubao mkavu anavaa glavu nyeusi polepole kama mtu anayejiandaa kwenda harusini. Mkulima anagusa bastola, mwenzake keshaitoa yake zamani. Anatulia kidogo. Ndipo anapiga, na mkulima anarushwa nyuma kwa nguvu (walimvuta kwa waya). Alan Ladd ni steringi mzuri, mpole, ila mimi nilikuwa namsubiri yule wa glavu.

Liberty Valance sitaisema sana, ingawa John Wayne na James Stewart wote wamo. Lee Marvin, ambaye ndiye adui, anamtega mguu Stewart aliyebeba sahani, nyama inaanguka chini, na Wayne anamwambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ilikuwa nyama yake yeye Wayne. Woody Strode yuko mlangoni na bunduki. Watu watatu na kipande cha nyama, na chumba kizima hakipumui. Sehemu za siasa na uchaguzi Baba alilala.

Sasa ya Leone, Once Upon a Time in the West. Majambazi watatu wanasubiri treni: Strode tena, tone la maji linamdondokea kwenye kofia, Jack Elam anapambana na nzi hadi anamnasa kwenye mtutu wa bastola. Dakika nzima zinapita hakuna anayesema la maana, na hatukuchoka. Halafu familia inauawa shambani, kamera inamzunguka kiongozi wa wauaji kutoka mgongoni, na unakutana na uso wa Henry Fonda. Huyu ndiye aliyewahi kuigiza Abraham Lincoln! Alikuja kazini amejivika lenzi za kahawia na masharubu ili afanane na adui; Leone akamvua vyote, alitaka yale macho ya bluu ambayo watu walizoea kuyaamini. Kinachofuata na yule mtoto sikisemi.

Boksi nalipatia nyota nne, ya tano imeliwa na diski hiyo ya nne. (Ambaye hajaiona picha aishie hapa.) Fonda na steringi, Charles Bronson, wamesimama uwanjani, kamera imeingia ndani ya macho ya Bronson, siri ya miaka yote ndiyo inafunguka, na picha ikavunjika vipande vya mraba, ikaganda. Nilifuta diski kwa kanga, nikapuliza, wapi. Muuzaji aliniambia deki yangu ni chafu.

"Kaa nikuhadithie," Baba akasema. Aliiona kijana, sinema ya Tanga. Akasimama katikati ya sebule, akazunguka kama Fonda aliyepigwa, akapiga magoti akiuliza "wewe nani?", kisha akabana rimoti kwenye meno mahali pa kinanda cha mdomo, akahema nacho mara mbili, akaangukia kochi. Mama alitoka jikoni mbio.

Nimeazima diski nzima baadaye nikahakikisha. Yuko sawa kila hatua, ila katika simulizi lake lote Bronson hakumtaja hata mara moja.